MFICHA UCHI HAZAI: Mbegu za mwanaume, busha la pwani yetu, na lawama tulizowabebesha wake zetu



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), aliyemuumba mwanadamu kutokana na tone dhaifu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na Masahaba wake wote.

Baina ya maswali yanayoletwa kwa masheikh wa pwani hii, kuna moja lisilokauka: "Sheikh, miaka minne sasa mke wangu hajanizalia. Nimuache, au nioe wa pili?" Muulizaji akiulizwa, "Na wewe umepimwa?", hujibu upesi kwamba yeye ni mzima. Uzima wake anaujua kwa nini? Kwa sababu ana nguvu za ndoa. Ushahidi wake wote ndio huo.

Leo kwa idhini ya Allah nataka tuisome historia ya jambo hili: wanadamu walijuaje mbegu za mwanaume zinatengenezwa vipi, na maradhi gani ya pwani yetu yamekuwa yakiigusa kazi hiyo huku sisi tukinyamaza. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Methali hiyo tunaitumia kwa mambo mengi, lakini leo tuichukue kwa maana yake ya wazi kabisa.

1. KILWA ILIPOKUWA JUU, VITABU VILISEMA NINI?

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alitia nanga Kilwa. Alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Akawasifu watu wa mji kwa dini na wema, akataja kuwa wanafuata madhehebu ya Imam Shafi'i. Huyo ndiye sultani wa Husuni Kubwa, jumba ambalo magofu yake bado yanaangalia bahari pale Kilwa Kisiwani.

Wakati huohuo, kule Damascus, alikuwa hai Imam Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350. Miongoni mwa kazi zake ni kitabu juu ya hukumu za mtoto anayezaliwa, na ndani yake amezungumzia kuumbwa kwa mwanadamu tumboni. Swali lililowashughulisha wenye elimu wa zama hizo ni hili: mtoto anatokana na nani?

Mgiriki Aristotle alikwishafundisha kwamba mwanaume ndiye anayetoa umbo la mtoto, na mwanamke hutoa damu tu, kama udongo unaosubiri mfinyanzi. Galen, tabibu aliyekuja karne nyingi baadaye, akasema wote wawili wana mbegu. Wanachuoni wetu waliyapima maneno hayo kwa Qur'ani na Sunna. Suratul Insan aya ya 2 inataja tone lililochanganyika. Hadithi katika Sahihi Muslim zinataja maji ya mwanaume na maji ya mwanamke, na kila moja lina athari yake kwa mtoto. Ibn al-Qayyim akashika kwamba mtoto ni wa maji mawili. Karne iliyofuata Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki 1449, aliyataja maneno ya baadhi ya wataalamu wa mwili waliodai kuwa manii ya mwanaume kazi yake ni kugandisha tu, naye akayarudi kwa hadithi.

Zingatieni hapa, ndugu zangu. Kama mtoto anatokana na wawili, basi kukosekana kwa mtoto nako ni jambo la kutazamwa kwa wawili. Elimu hiyo ilikuwa vitabuni tangu Kilwa ikitengeneza sarafu zake. Lakini barazani kwetu neno lililozoeleka likawa "tasa", na anayenyooshewa kidole nalo ni mke peke yake.

2. JOGOO WA GÖTTINGEN

Mwaka 1677, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek, alitazama manii kwa hadubini aliyoitengeneza mwenyewe. Akaona vidudu vidogo vyenye mikia vinaogelea. Alipoandika kuwajulisha wanachuoni wa London alijieleza kwa haya, kwamba manii hayo yametokana na tendo la ndoa na mkewe, hakuyapata kwa njia ya dhambi. Tangu siku hiyo mwanadamu akajua manii si maji matupu.

Lakini nani anayeamrisha mbegu hizo zitengenezwe? Wafugaji wa dunia nzima, na wetu pia, walijua tangu zamani kwamba beberu akihasiwa hunenepa, hutulia, na hawapandi tena majike. Walijua kinachotokea, hawakujua sababu. Mwaka 1849, katika mji wa Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold alichukua majogoo sita machanga. Aliyoyatoa korodani bila kuyarudishia hayakukua kama majogoo: kilemba kikawa kidogo, hayakuwika wala kugombana. Mengine aliyatoa korodani kisha akapandikiza korodani tumboni, mahali ambapo si pake. Haya yakawika, yakapigana, yakafuata matembe kama kawaida. Mishipa ya fahamu ya asili ilikuwa imekatwa, kwa hiyo Berthold akahitimisha kuwa korodani hutia kitu ndani ya damu, na damu hukifikisha mwili mzima.

Mwaka uliofuata, 1850, Mjerumani Franz Leydig alizieleza seli zinazokaa katikati ya mirija ya korodani. Mwaka 1865 Mtaliano Enrico Sertoli, kijana wa miaka 23, alizieleza seli nyingine ndefu zilizo ndani ya mirija yenyewe, zimezishika mbegu changa kama mama aliyebeba watoto. Miaka hiyo Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya watumwa na pembe za ndovu, na liwali wa Sultani wa Unguja akiiangalia. Majina ya wale wawili yamebaki mpaka leo: seli za Leydig na seli za Sertoli.

3. AMRI INAVYOSHUKA

Mjue huyo liwali, kwa sababu atatusaidia kuelewa. Amri ya Unguja haikuruka moja kwa moja mpaka kijijini. Sultani aliandika, liwali akapokea, naye akawaagiza walio chini yake, na habari zikarudi juu. Mjumbe mmoja akikosekana njiani, kazi husimama. Mwenyezi Mungu ameuweka mwili wa mwanaume katika utaratibu unaofanana na huo, ila wa mwili ni mwepesi na wa ajabu zaidi.

Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo inayotoa homoni ya kwanza. Haimiminiki mfululizo. Hutoka kwa vipindi, kila baada ya saa moja na nusu au mbili hivi, usiku na mchana. Andrew Schally na Roger Guillemin walipata tuzo ya Nobel mwaka 1977 kwa kuzitambua homoni za namna hii za ubongo. Amri hiyo hufika kwenye tezi ndogo iliyoning'inia chini ya ubongo, iitwayo pituitari. Huyu ndiye liwali wetu. Naye hutuma wajumbe wawili kwa njia ya damu mpaka korodani: mmoja huenda kwa seli za Leydig, wa pili huenda kwa seli za Sertoli.

Mjumbe akifika kwenye seli haingii ndani. Anabisha mlangoni, kwenye kipokezi kilichoumbwa kwa ajili yake tu, kama kufuli na ufunguo wake. Ndani ya seli anaamka mjumbe wa pili, ambaye ndiye anayezunguka kuziamsha kazi za humo. Mmarekani Earl Sutherland alimgundua mjumbe huyo wa ndani, akapata Nobel mwaka 1971. Seli ya Leydig ikiamshwa hivyo huchukua kolesteroli, mafuta haya tunayoambiwa tuyapunguze, na kuyageuza kuwa testosteroni. Homoni hiyo ilitolewa safi kwenye korodani za ng'ombe mwaka 1935 na wataalamu wa Amsterdam waliokuwa chini ya Ernst Laqueur.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Testosteroni haiziamrishi mbegu zenyewe. Inaziamrisha seli za Sertoli, na hizo ndizo zinazolea mbegu. Kuna seli mama za mbegu, ambazo ni mtaji. Seli za Sertoli hutoa ujumbe mmoja unaoziambia zibaki na ziongezeke, mtaji usiishe. Kuna ujumbe mwingine unaoziambia sasa basi, anzeni safari ya kuwa mbegu. Ujumbe huu wa pili hutengenezwa kutokana na vitamini A. Mwaka 1925 Wolbach na Howe walionyesha kwamba panya wanaonyimwa vitamini A kabisa huharibika sehemu nyingi za mwili, na utengenezaji wa mbegu zao ukiwemo. Sisemi kwamba maembe na kisamvu ni dawa ya ugumba, msije mkaninukuu vibaya. Nasema tazameni jinsi Muumba alivyoliunganisha jani la shambani na kizazi cha mtu.

Tangu seli ianze safari hiyo mpaka iwe mbegu yenye mkia hupita kama miezi miwili hadi miwili na nusu. Kwa hiyo homa kali iliyokupata miezi miwili iliyopita inaweza kuonekana kwenye kipimo cha leo. Na kazi hii yote inataka ubaridi: korodani zimetundikwa nje ya mwili ili zikae nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili.

Mwisho, habari hurudi juu. Testosteroni ikitosha, na seli za Sertoli zikituma ujumbe wao, ubongo na liwali wake hupunguza amri. Kwa sababu hiyo kijana anayejidunga testosteroni ili atanue kifua, au ili aongeze nguvu za ndoa, anajidhuru bila kujua. Ubongo unaona homoni imejaa kwenye damu, unadhani korodani zinafanya kazi vizuri, unaacha kuamrisha. Mwili unatuna huku mbegu zinapungua, na huenda zikaisha kabisa. Mwenye nguvu nyingi akawa hana mbegu hata moja.

Basi yule anayesema "mimi mzima kwa sababu nina nguvu" ajue kuwa nguvu ni jambo moja na mbegu ni jambo jingine. Shahawa huweza kutoka kama kawaida, kwa rangi na wingi uleule, na ndani yake pasiwe na mbegu. Jicho halioni. Hadubini ndiyo inayoona.

4. BUSHA, UGONJWA TULIOUPA MAJINA

Tuingie nyumbani sasa. Pwani yetu ya kusini ina maradhi yanayokaa mahali hapohapo: busha. Tumeyaita mshipa, tumeyaita ngirimaji, tumeyaita majina ya mafumbo ili tusiseme lenyewe.

Mwingereza Richard Burton alifika Kilwa mwaka 1859, kipindupindu kikiua watu pwani nzima. Katika kitabu chake juu ya Unguja kilichochapishwa 1872 aliyataja matende na mabusha kuwa maradhi ya kawaida, yanayowapata watu wa kila tabaka. Akataja pia kuwa watu waliyahusisha na hali ya hewa na kuzidisha matamanio. Tazameni hukumu hiyo: mgonjwa alionekana amejiletea mwenyewe. Na sisi tuliozaliwa baadaye tumesikia nini? Kwamba busha linaletwa na madafu. Kwamba ametupiwa na jirani. Kwamba ni la ukoo.

Ukweli ulianza kufunguka mwaka 1877, mji wa Amoy nchini China. Daktari Patrick Manson aliwaacha mbu wamuume mtu mwenye vijidudu vya ugonjwa huu katika damu, kisha akawapasua mbu wale na kuona vijidudu vinakua ndani yao. Akagundua pia kuwa vijidudu hivyo hujitokeza kwenye damu usiku, saa wanapouma mbu. Lakini hata yeye alikosea kipande kimoja: alidhani mbu hufa majini, na mtu huambukizwa kwa kunywa maji hayo. Mwaka 1900 George Low ndiye aliyeonyesha kuwa vijidudu viko kwenye mdomo wa mbu, vinasubiri aume. Basi anayesema busha linatokana na kinywaji asione haya sana, hata bingwa wa fani alipita hapo. Lakini bingwa aliporekebishwa, elimu ilisonga mbele. Sisi bado tunayasingizia madafu.

Minyoo hiyo, myembamba kama uzi, hupenda kukaa kwenye mishipa ya maji ya mwili, na kwa mwanaume hukaa sana kwenye mishipa ya korodani. Hukaa miaka. Mishipa hupanuka na kuharibika, maji yanakusanyika kwenye mfuko unaoizunguka korodani, na busha linakua taratibu bila maumivu makubwa mwanzoni. Mtu anaambukizwa utotoni, anaonekana na busha ukubwani.

Sasa unganisha na tuliyoyasema juu ya ubaridi na wajumbe. Korodani iliyoumbwa itundikwe mahali penye baridi imezungukwa na maji ya uvuguvugu, imebanwa kila upande, na damu inayoleta amri na chakula inapita kwa shida. Madaktari waliozichunguza korodani zilizokaa muda mrefu ndani ya mabusha makubwa walikuta katika baadhi yake utengenezaji wa mbegu umepungua, na katika nyingine umesimama kabisa. Si kila mwenye busha ni mgumba. Wapo wengi walio nalo na wana watoto. Lakini mwenye busha aliyekosa mtoto, kisha akamwacha mke bila yeye kupimwa, ameacha kutazama mahali pa kwanza palipostahili kutazamwa.

5. DAWA ILIPOKUJA, UVUMI UKATANGULIA

Mwaka 1997 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kuumaliza ugonjwa huu. Mwaka 2000 Tanzania ilianza kugawa dawa kwa umma, na mahali pa kwanza palikuwa jirani zetu wa Mafia. Kisha mikoa ya pwani ikafuata, Lindi yetu ikiwemo. Dawa ni mbili, ivermektini na albendazoli, na watengenezaji wake walijitolea kuzitoa bure. Ivermektini ilitokana na kiumbe kidogo cha udongoni alichokikuta Mjapani Satoshi Omura. Yeye na William Campbell wakapewa Nobel mwaka 2015.

Dawa hizo huua vijidudu vilivyomo kwenye damu, hivyo mbu akiuma hapati cha kumpelekea mwingine. Zinataka watu wengi wameze, mwaka baada ya mwaka, mpaka mnyororo ukatike. Busha lililokwisha kuwa kubwa halimalizwi na vidonge. Hilo dawa yake ni upasuaji, nao si upasuaji mkubwa ukifanywa na mwenye ujuzi.

Wagawaji wa dawa walipopita majumbani na mashuleni, walikuta wengine wamekwishafungiwa milango na maneno. Uvumi ulienea katika pwani ya Tanzania kwamba dawa hizi zimeletwa ili zimalize nguvu za kiume na kupunguza kizazi chetu. Wapo waliozipokea mkononi wakazitupa nyuma ya nyumba. Lindi na Mtwara zikawa miongoni mwa sehemu ambazo kazi hii ilichukua miaka mingi.

Ndugu zangu, huu ndio msiba ninaotaka tuuone. Watu waliogopa kupoteza kizazi, wakaikimbia dawa, wakabaki na ugonjwa unaokaa palepale kizazi kinapotengenezwa. Na uvumi mwingine ulipita misikitini mwetu, ukatoka mlangoni bila ya mtu kuusimamisha. Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamrisha tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Amri hiyo haikuwahusu watu wa vita peke yao.

6. MUSA, ZAKARIYA NA UMAR

Kuna hadithi katika Sahihi Bukhari ambayo watu wa pwani tungeielewa kuliko wengi. Nabii Musa (A.S.) alikuwa mwenye haya, anausitiri mwili wake. Baadhi ya Bani Israili wakasema hajisitiri ila ana kasoro: huenda ni ukoma, au ana uvimbe wa korodani. Neno la Kiarabu lililotumika hapo lina maana hii hii ya busha. Mwenyezi Mungu akamsafisha na maneno yao, na katika Suratul Ahzab aya ya 69 akatukataza tusiwe kama wale waliomuudhi Musa. Kumcheka mtu kwa maradhi ya sehemu zake za siri ni desturi ya waliomuudhi Nabii. Kicheko hicho ndicho kinachomfanya baba wa watu avae kanzu pana miaka ishirini, aache kuvua, aache kusafiri, aache hata kuja Ijumaa, kuliko kwenda hospitali.

Mtazameni na Nabii Zakariya (A.S.) alipoomba mtoto, kama ilivyo mwanzoni mwa Suratu Maryam. Alianza na nani? Alianza na nafsi yake: mifupa yangu imedhoofika, kichwa changu kimejaa mvi. Kisha ndipo akamtaja mkewe kuwa ni tasa. Hakumwacha, na wala hakumsema vibaya. Aliomba naye, na Allah akawapa Yahya. Mwanaume wa leo huanza na mke na humalizia kwa mke.

Na imepokewa kwamba Umar bin al-Khattab (R.A.) alimtuma mtu kwenye kazi ya kukusanya zaka, naye huko akaoa, hali ya kuwa hazai. Umar akamuuliza kama alimweleza mke kuwa yeye hazai. Aliposema hapana, Umar alimwamrisha arudi akamweleze, kisha ampe hiari yake. Ibn al-Qayyim ameitaja habari hii katika mlango wa aibu za ndoa. Miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu iliyopita, khalifa wa Waislamu alihesabu kuwa ugumba unaweza kuwa wa mume, na kwamba mke ana haki ya kuujua. Wake zetu wa Kilwa na Lindi wangapi wamepewa haki hiyo?

Na juu ya yote, Suratu Shura aya ya 49 na 50 imetufundisha kwamba Allah humpa amtakaye wana wa kike, humpa amtakaye wa kiume, na humfanya amtakaye kuwa mgumba. Basi ugumba si laana wala adhabu, na aliyejaaliwa hivyo, awe mume au mke, haipungui heshima yake mbele ya Mola wake. Kutafuta dawa hakupingani na kuridhika na qadari, kwani Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu na akatujulisha kuwa hakuna maradhi ila yameteremshiwa dawa, isipokuwa uzee.

7. BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, wanandoa waliokaa mwaka mzima pamoja bila kinga na bila mimba, waende hospitali wote wawili, na mume apimwe mwanzoni. Katika karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, upande wa mume una sehemu yake, peke yake au pamoja na mke. Kipimo cha manii ni chepesi na hakina kisu, wakati vipimo vya mke vingine vina maumivu na gharama. Ni dhulma kumpitisha mke kwenye hivyo vyote, na kwa waganga juu yake, huku mume ameketi barazani.

Pili, wanaouliza juu ya sheria: kumfunulia tabibu sehemu ya siri kwa ajili ya matibabu kunaruhusiwa kwa kiasi cha haja. Na manii ya kipimo, njia iliyo safi zaidi ni yapatikane kwa msaada wa mke wake, na wanachuoni wa zama zetu wameliruhusu hilo kwa haja ya tiba.

Tatu, mwenye busha aende apasuliwe. Aliyekaa nalo miaka thelathini aende. Kijana aliyeliona limeanza aende kesho, wala asingoje liwe habari ya mtaa. Wake zao wawatie moyo, na vijana waache kuwacheka.

Nne, dawa za matende na mabusha zikigawiwa, tumeze sote walioruhusiwa, na maimamu tuwe wa kwanza kumeza mbele ya watu. Tulale kwenye chandarua, tufunike mashimo ya vyoo na tuyafukie madimbwi, maana humo ndimo mbu anamozaliwa.

Tano, mwenye kusikia habari ya dawa asiipeleke mbele mpaka amwulize mwenye elimu nayo.

Na wewe uliyemwacha mke kwa jina la tasa, kisha ukaoa wa pili na wa tatu, na nyumba bado haina mtoto, mche Allah. Nenda ukapimwe. Ukijulikana kuwa sababu ilikuwa kwako, mrudie yule wa kwanza kwa maneno, kama si kwa ndoa. Mwambie: haikuwa wewe. Huenda amelibeba jina hilo miaka mingi, mbele ya mama yako na dada zako, na hakuna awezaye kumtua mzigo huo isipokuwa wewe.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, waruzuku kizazi chema wasio nacho, wape subira na utulivu uliowaandikia vingine, na utuondolee haya inayotuzuia na heri. Amin.

Ukiona darsa hii ina faida, mfikishie ndugu yako. Mfikishie kwa siri kama ndiye mwenyewe, umsitiri, na Allah atakusitiri.

Wallahu a'alam. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.